Barua Anazosoma Ritha

Chanika, Handeni
11 Machi 2024

Mdogo wangu Laurenti,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini hujambo, Ritha hajambo, na kule Dar Raymond wenu anaendelea kuwadanganya kwamba atakuja Pasaka. Mimi nipo. Mvua hapa imeanza jana, imenyesha ya kulaza vumbi tu, halafu ikaondoka zake. Mama Pramila, yule mwenye duka la vitambaa ambaye nashonea barazani kwake, anawasalimu. Cherehani yangu ameiingiza ndani kwanza, maana miguu haina nguvu ya kukanyaga.

Najua Ritha ndiye anayekusomea barua tangu macho yako yaingie ukungu. Kwa hiyo, wifi, shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Soma polepole, huyo mumeo ana tabia ya kuitikia kabla hajasikia.

Mtajiuliza kwa nini naandika karatasi wakati simu ipo. Naandika kwa sababu kuongea kunauma. Mnajua niliwekewa dripu ya kwanza kule Moshi tarehe 26 Februari, ile dawa nyekundu ya kuua uvimbe wa titi. Siku tano za mwanzo nilijiona shujaa. Siku ya saba nikaamka ulimi umevimba, ndani ya mashavu kumechubuka kote, na midomo imepasuka pembeni. Nikisema "haloo" naona nyota. Watu wanapiga kuniuliza nakula nini, na kuwajibu ndiko kunakoniumiza, basi simu nimeizima nimeiweka kabatini.

Kuna nesi mmoja anaitwa Yusra, mtoto mdogo tu lakini mkali, ndiye aliyenielekeza. Nisukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, asubuhi, mchana, jioni na katikati, hata kama sijala kitu. Mswaki uwe laini kabisa. Nisiguse ndimu wala pilipili wala chochote cha moto, uji niuache upoe. Mama Pramila ananigandishia maji kwenye vile vifuko vya kuuzia wanafunzi barafu, nakaa barazani namumunya. Mtu mzima wa miaka hamsini na minane. Watoto wakitoka shule wananiangalia kwa wivu.

Usiku na mchana nyumba iko kimya. Zamani niliona kimya ni raha, mshonaji anataka utulivu. Sasa nasikia hadi saa ya ukutani ya jirani.

Laurenti, basi la kutoka hapa kwenda Moshi linasimama stendi ya Korogwe dakika ishirini. Wakati wa kwenda nilikaa dirishani. Wakati wa kurudi nilikaa dirishani. Siku moja kabla nilikuwa nimekutumia ujumbe wa saa ambayo basi litapita. Najua ni msimu wa shamba. Nasema tu kwamba nilikaa dirishani.

Barua yako mpe dereva wa gari la Mashewa, atampa mwenzake wa Handeni pale Korogwe, yeye ataiacha dukani kwa Pramila.

Ni mimi dada yako,
Bernadina


Kerenge, Korogwe
28 Machi 2024

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Milele amina. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Mahindi yamefika magotini. Mbuzi mmoja amezaa mapacha, mmoja hakuishi. Raymond haji Pasaka, kama ulivyosema, ana kazi. Macho yangu ni yale yale, daktari wa Korogwe anasema ni mtoto wa jicho, hadi yakomae ndipo yakatwe.

Pole na mdomo. Pole sana. Nimesikia ulivyoeleza na nimeelewa. Fanya anavyosema nesi. Kuhusu stendi, ile siku nilikuwa na palizi.

Mimi mdogo wako,
Laurenti

Wifi, mimi Ritha mwandishi naongeza kwa mkono wangu huo huo. Huyu mdogo wako akiambiwa aseme anasema sentensi nne halafu anaangalia paa, kwa hiyo nisipojaza mimi utapokea karatasi nyeupe. Nimekufungia ndimu thelathini, tangawizi mbichi, na chupa ya asali ya nyuki wadogo. Najua nesi kakataza ndimu, lakini manesi wa siku hizi wamesomea vitabuni. Mama yangu alikuwa akipata vidonda vya mdomo anasugua ndimu na chumvi, analia machozi dakika mbili, kesho yake anakula ugali. Jikaze wifi. Nikikuwaza umekaa peke yako kwenye hiyo nyumba moyo unaniuma, na kila nikisema twende Handeni mume wangu anapata homa ya ghafla. Nyie ndugu mna mambo yenu.


Chanika, Handeni
21 Aprili 2024

Mdogo wangu Laurenti, pamoja na wifi yangu msomaji,

Nawasalimu nyote. Pole kwa yule mwanambuzi. Raymond mwambieni shangazi yake amesikia, na kwamba namtakia heri ya kuzaliwa, ametimiza ishirini na sita wiki hii kama sikosei hesabu.

Mzigo umefika, ahsante wifi. Sitakudanganya. Ndimu nilijaribu moja, kwa heshima ya marehemu mama yako, na nilikimbia uani nikatia kichwa chote kwenye ndoo ya maji. Zilizobaki mama Pramila amezitia achari, amesema hajawahi kuona ndimu zenye maji vile. Asali ninayo, nasubiri siku ya kuiweza.

Dripu ya pili nilipata mwezi uliopita, ya tatu tarehe 8. Nywele zimekwisha. Nimejishonea vilemba vinne vyeupe kwa vipande vya vitambaa, kazi pekee niliyofanya mwaka huu. Vidonda vinakuja, vinapungua siku chache kabla ya dripu nyingine, halafu vinarudi na wenzake. Sasa vimeshuka kooni. Kumeza mate ni kazi ya kujiandaa, nakaa wima, nashika meza, nameza. Uji wa mchele kikombe kimoja unanichukua saa nzima, na nusu yake inarudi. Chakula hakina ladha, kila kitu kina ladha ya sarafu.

Yusra amenipa onyo kali. Anasema damu yangu sasa imepungua nguvu, haigandi upesi na haina askari wa kupigana na vijidudu. Hata jino likiuma nisimruhusu mtu kuling'oa. Hata mswaki nikiona damu niache, nifunge kitambaa kidoleni nipanguse tu. Amesema kidonda ambacho kwa mtu mwingine ni mchezo, kwangu kinaweza kuwa safari.

Ijumaa tarehe 19 ilikuwa siku ya Deogratius. Miaka ishirini na sita. Nilimwashia mshumaa. Ritha, najua nawe uliwasha, mama hasahau mtoto wake wa kwanza. Sina la kuongeza hapo.

Laurenti, tarehe 8 nilikaa dirishani tena. Kulikuwa na watu wengi kwa wauza machungwa, nikadhani nimekuona, kumbe ni mtu na kofia yake.

Dada yako,
Bernadina


Kerenge, Korogwe
5 Mei 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Huku tuko salama. Mvua imezidi, mto umejaa, mahindi ya bondeni yamelala. Tumepanda maharage upande wa juu. Raymond amesema salamu zako zimefika, amefurahi shangazi kumkumbuka.

Nimesikia habari za koo. Usiache dawa.

Mdogo wako,
Laurenti

Wifi, Ritha hapa. Ile barua yako nimeisoma mara tatu, mara mbili kwa sauti na mara moja peke yangu jikoni. Nimewaza sana habari ya kumeza. Kwangu mimi hilo si la dripu peke yake. Kukohoa, kutapika uji, kumeza kwa shida, hicho ni kimeo kimerefuka, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi. Kinagusa koo, chakula kinarudi. Hospitali hawakiangalii kwa sababu hawakisomei. Kikikatwa ni dakika moja, siku ya tatu mtu anakula nyama.

Unamkumbuka mzee Habakuki, aliyekuwa anawakata vimeo watoto wa kambini enzi za mkonge? Alishafariki, lakini mwanawe Eliasi ameshika kazi, na vifaa ni vile vile vya baba yake. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi anakuja mnadani huko kwenu na dawa zake. Nimeshaongea naye. Ukikubali, Jumamosi ya tarehe mosi Juni atapita nyumbani kwako asubuhi. Nimemwambia mume wangu, ameondoka kwenda kuangalia mbuzi na giza limeingia. Wewe niambie mwenyewe. Sitaki ufe na njaa wifi, wewe ndiye ndugu pekee aliyebaki wa huyu mtu.


Chanika, Handeni
20 Mei 2024

Laurenti na Ritha,

Natumaini maharage yameota. Mimi nimepungua, gauni nililoshona Krismasi linazunguka. Mama Pramila kasafiri kwenda Tanga kwa binti yake, duka limefungwa wiki mbili, na barafu zimekwisha. Sikujua kama nitakuja kulilia barafu.

Dripu ya nne sikupata. Nilikwenda hadi Moshi, wakapima damu, wakasema haitoshi, nirudi nikaongeze nguvu kwa kula. Nile kwa mdomo upi, sikuuliza. Wamenipangia tarehe 11 Juni. Sijui kama nitakwenda. Safari yote ile kwenda na kurudi sikutamka neno hata moja na hakuna aliyegundua.

Watu wanadhani ugonjwa huu ni maumivu. Maumivu unayazoea. Ni ule ukimya. Mtu asiyeweza kula hakaribishwi, na asiyeweza kuongea hatembelewi, wanakuja mara moja, wanakaa ukingoni mwa kiti, wanasema ugua pole, wanaangalia mlango. Sasa hata hao hawaji. Nakaa na mambo ya zamani. Yana sauti, hayo.

Ritha, mzee Habakuki namkumbuka. Nakumbuka mikono yake ilivyokuwa, na ule mkoba wa ngozi. Laurenti naye anamkumbuka.

Mwambie Eliasi aje. Mlango utakuwa wazi, nitakuwa nimekaa tayari. Nadhani ni haki. Wala msinionee huruma kwa hilo.

Bernadina


Kerenge
Alhamisi, 30 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Hii naandika mwenyewe. Mistari inapanda na kushuka kwa sababu siioni vizuri, utanisamehe. Maharage yameota. Barua yako ya tarehe 20 ilisahauliwa kwenye gari siku tisa, imenifikia jana ina mafuta ya dizeli. Simu yako nimepiga mara nane, imezimwa. Namba ya Pramila sina.

Ritha aliisoma jana mchana tukiwa uani, anapepeta mchele. Alipofika kwenye "mwambie aje" alifurahi. Akasema, unaona, wifi ameamua kupona. Mimi nilisikia kitu kingine. Nesi alishakwambia damu yako haigandi. Na katika watu wote walio hai, wewe unajua kuliko wote kinachotokea Eliasi akifungua ule mkoba. Hukusema aje nipone. Ulisema ni haki.

Si haki. Nimekaa na jambo hili miaka ishirini na sita, sasa nalisema, maana nikinyamaza tena mtakuwa wawili.

Nimemwambia Ritha. Nilimwambia hapo hapo, kabla hajakunja karatasi yako. Nilisema, Ritha, Deo hakufa kwa degedege. Wakati wewe uko hospitali ya Korogwe unamzaa Raymond, na mvua ya mwaka ule imekata daraja, mtoto alikuwa amekohoa mwezi mzima. Nilimpeleka kwa mzee Habakuki akakatwa kimeo. Alitoka damu kuanzia saa tisa ya mchana, haikusimama, na daraja halikuwepo. Alfajiri akafa. Tulimzika makaburi ya kambini kabla wewe hujatoka wodini, na niliyebuni degedege ni mimi.

Halafu nikamwambia na lile ambalo wewe hujawahi kulisema popote. Kwamba dada Bernadina alikataa. Ulisema tusubiri maji yashuke tumvushe mtoto kwa mtumbwi hadi hospitali. Mimi ndiye niliyesema kimeo si kitu, sote tulikatwa. Na mwisho nikakwambia umpakate wewe, kwa sababu mimi sitaweza kuangalia. Hili moja sijamwambia Ritha: nilisimama nje nyuma ya ukuta. Wewe ulishika kichwa chake. Kisha nikakuacha uhamie Handeni ukiamini kwamba tuliifanya wawili sawasawa. Uliponyamaza ili kunistahi mbele ya mke wangu, niliuchukua ule ukimya wako nikakaa nao kama ni mali yangu.

Sikuja kukuona kwa sababu tukikaa pamoja, mimi na wewe na Ritha, yule mtoto anakaa katikati. Na tarehe 8 Aprili ulikuwa hujakosea. Nilifika stendi. Nilikuwa kwenye benchi la wauza machungwa na kofia yangu. Kilemba cheupe nilikiona hata kwa macho haya. Nilishindwa kunyanyuka, basi likaondoka. Ninaona aibu kuandika haya.

Ritha hakulia wala hakunipiga. Aliendelea kupepeta. Mchele ulikwisha kwenye ungo, akaendelea kupepeta ungo mtupu mpaka jua lilipozama. Hakuingia chumbani. Leo kabla hakujapambazuka nimemkuta amevaa viatu, ana mkoba. Nikamwambia nakwenda na wewe, akasema, "Wewe baki." Nikauliza unakwenda kwenu Lushoto? Akasema, "Andika barua yako upesi, gari linakuja."

Nadhani anakuja kwako. Kama amefika, barua hii yeye ndiye aliyeileta. Sijui atakwambia nini. Lolote atakalokwambia ni langu, si lako. Lakini dada, nakusihi, Eliasi asikuguse. Tarehe 11 nenda. Sina dada mwingine.

Laurenti


Chanika, Handeni
Alhamisi, 6 Juni 2024

Mdogo wangu Laurenti,

Salamu. Nimeandika kwa herufi kubwa na mistari imeachana, maana najua hapo ulipo hakuna wa kukusomea. Kaa juani usome kidogo kidogo. Mbuzi usisahau kuwafungulia, na ule mchele upo kwenye debe nyuma ya mlango, Ritha amesema.

Ndiyo, yuko hapa. Alifika Alhamisi ile ile jioni. Alipiga hodi, akaingia, hakunisalimia. Alitoa barua yako kwenye mkoba, akanipa, akakaa kwenye stuli ya cherehani akaniangalia mpaka nilipomaliza. Nilisubiri. Nilikuwa tayari kwa lolote, nilishajiandaa miaka. Akaniuliza, "Chumvi unaweka wapi?"

Akachemsha maji, akayapoza, akatia chumvi, akanishikia bakuli nisukutue. Akachemsha uji wa mchele, akauchuja kwa kitambaa, akaukoroga mpaka ukapoa, akanilisha kwa kijiko cha chai. Kila kijiko alisubiri nimeze. Ilituchukua saa mbili. Usiku alilala chini kwenye mkeka, na nilisikia kwamba halali.

Jumamosi asubuhi Eliasi alikuja kweli. Mimi nilikuwa ndani nimekaa kwenye kiti, na nakwambia ukweli kwa kuwa umeniambia ukweli, nilipomsikia nilinyanyuka. Ritha alikuwa mlangoni. Alimsalimia vizuri, akamkaribisha kiti cha barazani. Akamwambia, "Nionyeshe unachokatia." Kijana wa watu akafungua mkoba, akatoa kile kisu chembamba chenye ncha iliyopinda, kimefungwa kitambaa. Ritha akauliza, "Hiki ni cha baba yako?" Akasema ndicho, sijabadili. Ritha alikichukua akakiweka kiganjani. Alikiangalia muda mrefu, Laurenti. Yule kijana akaanza kuangalia pembeni. Kisha akakifunga tena kwenye kitambaa chake, vizuri, akamrudishia. Akasema, "Mgonjwa wetu ana daktari wake. Wewe nenda, na watoto wa watu uwaache." Akamsindikiza hadi barabarani.

Aliporudi ndipo alipolia. Alilia amesimama, ameshika kizingiti. Nilitaka kumwambia pole na mdomo wangu ukakataa, nikamshika mkono tu.

Jumapili baada ya uji alinisogezea daftari langu la vipimo vya wateja na kalamu. Akasema, "Huwezi kuongea, sawa, utaandika. Nitakuuliza jambo moja kwa siku. Zaidi ya hapo sitaweza." Swali la kwanza lilikuwa, "Alilia?"

Niliandika ukweli. Niliandika kwamba alilia mwanzoni, baadaye akaacha, akawa anameza tu, anameza, ameshika kidole changu. Nimekuwa nikikikumbuka kile kumeza kila ninapomeza mate yangu tangu Machi. Hilo nalo niliandika. Alisoma, akachana ukurasa, akaukunja, akaufunga kwenye pindo la khanga. Kisha akaenda kuanika nguo.

Jumatatu aliuliza nguo gani alivaa. Shati la njano lenye bata mfukoni, nililishona mwenyewe. Jumanne aliuliza kama alimwita mama. Niliandika ndiyo, na jinsi alivyokuwa akilikosea jina la dawa ya kikohozi. Alicheka kidogo hapo, akasema alikuwa analiita hivyo hivyo na kwake. Jana aliuliza kama tulimzika na kofia yake ya sufu. Niliandika ndiyo.

Nilimwandikia kwamba nimechoka, kwamba tarehe 11 siendi, imetosha. Akasoma. Akaniambia, "Utakwenda. Wewe ndiye uliyekuwa naye. Mimi nilimpata miaka miwili, na ule usiku wa mwisho unao wewe. Ukifa nao, mimi nitamuuliza nani?" Alisema kwa hasira, hasira ya kweli, mate yanamruka. Hakuna mtu aliyenikasirikia namna ile tangu niugue, wote wananiongelesha kwa sauti ya chini. Nikaandika sawa.

Kwa hiyo nakwenda. Vidonda vya pembeni vimeanza kukauka, Ritha amenipaka ile asali yake kwenye midomo na safari hii haikuuma. Mama Pramila amerudi na barafu zimerudi. Nimekula yai la kuchemsha lililopondwa kwenye uji. Ni yai moja tu, lakini nimelimaliza.

Kuhusu uliyoyaandika. Nilijua uko nyuma ya ukuta. Viatu vyako nilikuwa naviona kwenye mwanya wa chini. Sikunyamaza kwa ajili ya heshima yako peke yake, nilinyamaza kwa sababu mimi ndiye niliyemshika, na mikono haiwezi kusema iliagizwa. Nimekukasirikia miaka mingi na nimekukumbuka miaka hiyo hiyo. Sina nguvu ya kutenganisha hayo mawili sasa hivi.

Swali la leo ameuliza asubuhi hii. Ameuliza, "Laurenti alikuwa wapi?" Barua yako ameileta yeye lakini hajaifungua, anasema si yake. Nilishika kalamu, nikairudisha mezani. Nimemwambia kwa ishara kwamba hilo si langu. Ameelewa. Hajasema atarudi Kerenge lini na mimi simuulizi.

Jumanne tarehe 11 tunasafiri naye. Basi litafika stendi ya Korogwe mnamo saa tatu asubuhi, litasimama dakika zile zile ishirini. Kiti cha dirishani safari hii atakaa yeye, upande wa wauza machungwa. Hakusema uje. Nimemwonyesha mistari hii kabla ya kufunga bahasha, na hakusema niifute.

Dada yako,
Bernadina